Nani alisema hao hawana presha?

Kuna maneno nimeyasikia Kitale, nikayasikia tena Bungoma, na nina uhakika hata wewe umeyasikia huko uliko: "Watu wa Down hawana presha. Hao hawana stresi, wanacheka tu." Husemwa kwa upendo kabisa. Mama husema hivyo akimsifu mtoto wake, jirani naye akimfariji huyo mama. Na Desemba iliyopita nilimsikia mhudumu wa afya akisema hivyo huku ameshika mashine ya presha mkononi. Hapo ndipo nikaanza kujiuliza, kwani hii maneno ilitoka wapi?

Nimekuwa nikisoma kuhusu hii kitu tangu hiyo Desemba, na wacha niwaambie, ni hadithi ndefu kuliko nilivyodhani. Inaanza Uingereza, inapita Kampala, inashuka Kisii, inaenda Scotland, halafu inarudi kukaa kwa sebule yetu. Ukiifuata vizuri unaona Waafrika na watu wa Down wamechezewa mchezo mmoja.

Twende 1866. Daktari Mwingereza anayeitwa John Langdon Down alikuwa msimamizi wa Earlswood, nyumba kubwa huko Surrey ambako familia zilipeleka ndugu zao wenye ulemavu wa akili. Huyu jamaa alikuwa na jicho. Aligundua kwamba baadhi ya wakaaji wake walifanana kama watoto wa mama mmoja, na hawakuwa na undugu wowote. Uso, macho, ulimi, hata namna ya kuongea. Mpaka hapo, hongera kwake. Shida ni vile alivyoeleza. Wasomi wengi wa Ulaya siku hizo waliwapanga binadamu kwenye ngazi, Mzungu juu, sisi wengine huko chini, na Down akaitumia ngazi hiyo hiyo kuwapanga wagonjwa wake. Wengine akawaita wa aina ya Kiethiopia, wengine wa Kimalei, wengine wa Kimongolia. Na hao "Waethiopia" wake hawakuwa Waafrika, ni watoto wa Kizungu ambao yeye aliona wamefanana na sisi. Yaani kwake ulemavu ulikuwa ni Mzungu kuteleza kwenye ngazi akaanguka mpaka kwa watu wengine.

Jina la Kimongolia likashika kwa karibu miaka 100. Mwaka 1959, kule Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walitangaza sababu yenyewe: seli za watu hawa zina kromosomu namba 21 tatu badala ya mbili. Haina uhusiano na taifa la mtu, wala laana, wala mama alikula nini. (Gautier ndiye aliyekuza zile seli maabara, halafu Lejeune akachukua sifa karibu zote. Kwenye makala yao ya kwanza hata jina lake waliliandika vibaya. Hiyo ni posti nyingine, nitaiandika nikipoa.) Mwaka 1961 wanasayansi 19 waliandika barua kwenye jarida la The Lancet kuomba lile jina la Kimongolia liachwe, na 1965 nchi ya Mongolia yenyewe ikapeleka ombi kwa Shirika la Afya Duniani. Ndipo likaanza kutoka kwenye vitabu.

Lakini ile ngazi iliacha kitu kingine nyuma. Kama hali hii ni Mzungu kuanguka, basi Mwafrika aanguke wapi? Kwa miaka mingi kulikuwa na imani kati ya madaktari kwamba watoto wa Down ni nadra sana kati ya watu weusi. Waliokataa hiyo walikuwa hapa jirani. Mwaka 1955, J. Luder na Latimer Musoke, Mganda aliyekuja kuwa mmoja wa madaktari wa watoto wakubwa kabisa Afrika Mashariki, walichapisha makala kuhusu watoto wa Kiafrika wenye hali hii waliowaona Kampala. Kampala! Reli inayopita Bungoma ndiyo ilikuwa inaenda huko. Baadaye, 1982, utafiti wa Ibadan, Nigeria, ulihesabu mtoto mmoja mwenye Down katika kila watoto 865 waliozaliwa hospitalini. Hiyo haina tofauti kubwa na mahali pengine duniani. Watoto walikuwepo siku zote. Walikuwa wanazaliwa, wanakufa mapema, na hakuna aliyewaandika popote.

Sasa ngoja, kuna ya pili, na hii inatuhusu sisi wote.

Mwaka 1929, daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi South Kavirondo upande wa Kisii, alichapisha kwenye The Lancet vipimo vya presha vya Waafrika karibu 1,000. Akasema presha yao haikuwa inapanda na umri vile ya Wazungu inapanda. Baada ya miaka 40 ilikuwa hata inashuka. Ugonjwa wa presha hakuuona kabisa. Sisi wa Bungoma wakati huo tulikuwa tunaitwa North Kavirondo, na Kitale ilikuwa mji wa masetla ambao reli yao ilikuwa imefika miaka mitatu tu kabla. Mwaka 1937 Donnison akaandika kitabu kizima kuhusu ustaarabu na magonjwa.

Mimi sisemi Donnison alidanganya. Naamini vile vipimo. Watu wa Kisii wa 1929 walikuwa wanatembea kwa miguu, wanakula wimbi na mboga, chumvi ni ya kununua na pesa hakuna. Hiyo ilikuwa picha ya watu fulani, mahali fulani, wakati fulani. Tatizo ni pale picha inapogeuzwa kuwa tabia ya damu: "Waafrika hawana presha." Miaka ya themanini, watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka mashambani Nyanza kwenda kutafuta kazi Nairobi. Matokeo yakachapishwa 1990. Presha za wale waliohamia zilianza kupanda ndani ya miezi michache tu. Damu ni ileile, ukoo ni uleule. Kilichobadilika ni chumvi, uzito, na maisha. Na uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa hata mara moja. Nani atapima kitu ambacho ameambiwa hakipo?

Shika hiyo, halafu tuje 1977.

Mwaka huo madaktari wa Scotland walichapisha makala kwenye British Medical Journal. Walikuwa wamefungua miili ya watu watano wa Down waliofariki wakiwa watu wazima, wakaangalia mishipa ya damu. Ile takataka ya mafuta inayoganda ndani ya mishipa, inayoleta mshtuko wa moyo, hawakuipata. Wakalinganisha na watu wengine wenye ulemavu wa akili waliokuwa wanaishi kwenye taasisi pia, na hao walikuwa nayo. Pia presha za watu wa Down zilikuwa chini. Kichwa cha makala kiliuliza kama Down ni mfano wa mwili usio na mafuta ya mishipa. Nasema kiliuliza, kwa sababu kilikuwa na alama ya kuuliza mwishoni. Nadhani hiyo alama ilidondoka mahali fulani njiani kabla haijafika Bungoma.

Na tena, hapo kuna ukweli. Tafiti nyingi baada ya hiyo zimekuta kitu hicho hicho kuhusu presha: watu wazima wa Down wengi wana presha ya chini kuliko wenzao wa umri wao. Hata sababu zingine zinaeleweka kidogo. Kwenye kromosomu 21 kuna jeni inayopunguza homosisteini, kemikali ya damu inayohusishwa na kuharibika kwa mishipa. Mwenye nakala tatu za hiyo jeni anaipunguza zaidi. Pia moyo wao ukifanya zoezi hauendi mbio kufikia kiwango cha wengine, hata wakijitahidi vipi. Kwa hivyo ukimwona mtu wa Down amechoka haraka uwanjani usimwite mvivu. Moyo wake una dari ya chini.

Lakini presha ni kipimo kimoja. Moyo una vipimo vingi, na hapa ndipo ule msemo unaua watu polepole.

Wacha niwape mfano wa karibu. Hiyo Desemba nilikuwa Bungoma kwa senge. Kulikuwa na kambi ya afya, watu wanapimwa bure chini ya hema. Senge ana kijana wake wa miaka 29, binamu yangu, mwenye Down, shabiki sugu wa AFC Leopards, jamaa anayejua bei ya kila kitu kwa duka la mamake kuliko mamake mwenyewe. Tulipanga laini sisi watatu. Mimi nikapimwa. Senge akapimwa. Zamu ya binamu ikafika, mhudumu akaita mtu wa nyuma yake.

Senge akauliza, "Na huyu wangu, daktari?"

"Huyu wacha tu, mama. Hawa hawanaga presha."

Senge hakubishana. Mama aliyelea mtoto wa Down miaka 29 amebishana na walimu, makanga, wachungaji, watu wa ukoo, na siku zingine anachoka. Alimshika tu mkono wakatoka kwa laini.

Februari binamu alikuja kwetu Kitale, na mamangu, ambaye hachokagi, akampeleka apimwe kila kitu. Presha: 104 kwa 66. Yaani mhudumu alikuwa sahihi! Lakini uzito ulikuwa kilo 91 kwa kijana mfupi, mafuta ya damu yanayoitwa traigliseridi yalikuwa juu, ile kolestro nzuri inayosafisha mishipa ilikuwa chini, na tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi nusunusu. Hiyo tezi ikilala, kolestro mbaya hupanda, mtu ananenepa, anakuwa mzito na mwenye usingizi. Na sisi kwa familia kwa miaka tulikuwa tunasema "ni tabia yake, yeye ni mtu wa pole". Tezi kulala ni kitu cha kawaida sana kwa watu wa Down, na dawa yake ni kidonge cha kila siku.

Halafu kuna kukoroma. Binamu anakoroma mpaka kuku wanaamka, na katikati ya kukoroma anakata pumzi sekunde kadhaa, halafu anashtuka. Tulikuwa tunacheka. Kumbe koo za watu wa Down ni nyembamba na misuli yao ni laini, kwa hivyo wengi wao hewa hukatika usiku, na kila ikikatika moyo unafanya kazi ya punda. Tafiti za baadaye pia zimekuta kiharusi hutokea kwa watu wa Down zaidi ya watu wengine wa umri wao. Yule mtu "asiye na presha" ndiye huyo.

Kitu kingine ambacho nimekifikiria mwenyewe: kama kawaida yako ni 104, siku ukipima 128 mhudumu atakuambia uko sawa kabisa. Na labda uko sawa. Au labda umepanda sana na hakuna anayejua, kwa sababu hakuna karatasi ya mwaka jana ya kulinganisha.

Sijazungumzia hata ile kubwa: shimo la moyo. Karibu nusu ya watoto wa Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Ile inayowapata sana ni ukuta wa katikati ya moyo kukosa kufungana vizuri, damu inachanganyika, na nyingi inasukumwa kwa nguvu kwenda mapafuni. Mapafu yakipigwa hivyo kwa muda, mishipa yake inakomaa na kuwa migumu, na ikifika hapo operesheni haiwezekani tena. Kwa watoto wa Down hiyo inatokea mapema kuliko kwa wengine, ndiyo maana madaktari hutaka shimo kubwa la aina hiyo lifungwe ndani ya miezi sita hivi ya kwanza. Miezi sita! Sasa hesabu mama wa Kiminini au Chwele. Mtoto ananyonya akichoka, anatoa jasho, anapata nimonia kila mara. Anaambiwa ni baridi. Anaambiwa watoto wa aina hii huwa hivyo tu. Mpaka apewe rifaro ya Eldoret, mpaka nauli ipatikane, mpaka picha ya moyo ipigwe, kalenda imekula miezi mingapi?

Na msidhani kwa Wazungu mambo yalikuwa rahisi. California kulikuwa na kijana, Phillip Becker, mwenye Down na shimo la moyo. Daktari alisema afanyiwe operesheni, wazazi wake, waliokuwa wamempeleka kwenye taasisi tangu azaliwe, wakakataa. Kesi ikaenda mahakamani, na 1979 mahakama ya rufaa ikakubaliana na wazazi. Ni familia nyingine, waliomjua kwa kujitolea kwenye hiyo taasisi, iliyopigana hadi ikapewa ulezi wake. Alifanyiwa operesheni 1983, akiwa na miaka 16 au 17. Miaka miwili baadaye, 1985, madaktari wa moyo wa London bado walikuwa wanauliza kwenye The Lancet kama kuwa na Down kunafaa kubadilisha uamuzi wa kumtibu mtoto mwenye moyo wa hivyo. Hiyo si zama za kale. Wazazi wako walikuwa shule.

Mwaka 1983 mtu wa Down Marekani alikuwa anaishi wastani wa miaka 25. Leo ni karibu 60. Kilichobadilika zaidi ya yote ni kwamba mioyo ilianza kufanyiwa operesheni, na watu wakaacha kufungiwa kwenye taasisi. Kromosomu ni zilezile tatu. Na hapa ndipo kuna kichekesho kisichochekesha: ukiishi miaka 25, mafuta ya mishipa hayana muda wa kukuua. Ukifika 50, yana muda. Wale watu watano wa 1977 walikuwa kati ya wachache wa kizazi chao waliofika utu uzima. Kizazi cha binamu yangu ndicho cha kwanza kwetu ambacho wengi wanaweza kuzeeka, na wanazeekea kwenye chipsi, soda, na kukaa ndani kutwa kwa sababu watu wa nyumbani wanaogopa barabara. Wale vijana wa Kijaluo walihamia Nairobi. Hawa wamehamia huko huko bila kutoka sebuleni.

Najua kuna mtu atasema, "Na wewe, hospitali zetu hazina hata glavu, unataka mtu wa Down apimwe tezi?" Nimeiskia hiyo. Lakini mzani si kitu cha ajabu. Mashine ya presha si kitu cha ajabu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii karibu 100,000, wale wa kutembea nyumba kwa nyumba, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, ya sukari, na mzani. Wapo Kitale, wapo Bungoma. Wengi wao ni mama zetu na jirani zetu, unamjua kwa jina.

Kwetu Kitale anakuja Jumanne. Ameshazoea sasa, anaanza na binamu yangu kabla hata hajaketi, na binamu ndiye anamkumbusha aandike. Iko kwenye daftari la mraba nyuma ya redio: Februari 104, Machi 106, Aprili 102, kilo 91, 90, 88. Kidonge cha tezi kinaliwa saa kumi na mbili asubuhi kabla ya chai. Picha ya moyo bado, tuna tarehe ya Eldoret mwezi ujao, na senge amesema atakuja mwenyewe kutoka Bungoma kwa matatu ya kwanza.